Jodari wa Kinue na King'ora cha Saa Sita

Kwanza niseme kwamba mmeniudhi. Umoja wa wanawake mzima una watu waliosoma hadi vyuoni, wana mashine za kuandikia, halafu mnakuja kunigongea mlango mimi niliyeachia shule darasa la tatu. "Bibi, tuandikie habari za Kinue, wewe ndiye jirani yake." Jirani yake ndiyo. Ukuta wetu ni mmoja, nikikohoa anauliza kuna nini. Lakini habari za mtu huandikwa akishakufa, na Kinue hajafa. Asubuhi hii nimemsikia akimtukana paka. Haya, naandika, na atakayecheka mwandiko wangu aje anichekee usoni.

Kinue hakuzaliwa hapa Torizaki. Alizaliwa bara, kwenye mashamba ya matufaha, na alipoletwa kuolewa na Yasokichi alikuwa na miaka ishirini na mbili na bahari ameiona mara moja tu, dirishani mwa treni. Juma la kwanza alilala na pamba masikioni kwa kelele za mawimbi. Mama mkwe akawaambia majirani, "Tumeletewa ua la chupani." Ua hilo likaanika mwani miaka kumi na mitano, likazaa binti mmoja, likamuuguza mama mkwe mpaka likamzika. Na siku msaidizi wa Yasokichi alipohamia Hakodate kuendesha lori, Kinue akachukua mabuti ya mpira ya mumewe, akajaza matambara kwenye vidole kwa kuwa yalimpwaya, akapanda chomboni.

Bandari nzima ilinuna. Kwetu chombo cha jodari kina mwenyewe, roho inayokilinda. Fundi anapokiunda huchimba kijishimo chini ya usukani, akatia humo nywele za mke wa nahodha, dadu mbili na wanasesere wawili wa karatasi, kisha akaziba. Huyo ndiye mwenye chombo, naye ni mwanamke, na wazee walisema ana wivu: akipanda mwanamke mwingine, samaki hawaonekani. Rikimatsu, kaka yake Yasokichi, akasimama gatini mikono kiunoni.

"Shemeji, shuka! Mwenye chombo ataona wivu, utuletee nuksi ukoo mzima!"

"Amwonee wivu nani?" Kinue akauliza, huku anakunja kamba. "Nywele zilizofukiwa humu ni za nani?"

Rikimatsu akaishusha mikono. "Ni zako."

"Basi mwenye chombo ndiye mimi. Siku nikiona wivu nitakuarifu."

Watu waliokuwa gatini wakacheka hadi mmoja akaangusha ndoo. Rikimatsu hakumsamehe kwa jibu lile, na hakuchoka kulisimulia.

Miaka thelathini na mmoja walivua pamoja, mume na mke, katika mkondo wa bahari unaotutenga na kisiwa cha Hokkaido. Yasokichi alikuwa mtu wa maneno machache. Kama kuna jambo alilisema mara mbili basi ni hili la samaki wa kwanza. Siku hizi kila chombo kina pete ya umeme: jodari akishakaribia, unaiteremsha pete kwenye mshipi hadi mdomoni mwake, unabonyeza kitufe, anakakamaa kama gogo, unampandisha. Hata Yasokichi aliitumia. Lakini samaki wa kwanza wa msimu hakumtia umeme. Huyo alivutwa kwa mikono pingili za mwisho zote, pingili kwa maana ya mkono mmoja wa mshipi, kama babu zao walivyovuta, kwa sababu moyo wake hukatwa na kuwekwa mbele ya mwenye chombo, na moyo uliopigwa umeme, alisema, ni kama kumkaribisha mgeni kwa wali ulioungua. Zamani Torizaki yote ilifanya hivyo. Vijana wameacha, wanasema ni kupoteza muda. Nyumba ya Yasokichi haikuacha.

Sasa nifike kwenye sheria, maana ndizo zilizoleta haya yote.

Zamani jodari alikuwa wa aliyemvuta. Ukimpata ni wako, usipompata ni wa bahari. Halafu akaanza kuadimika. Sisi tukawanyoshea vidole wenye meli za nyavu za kuzungusha wanaowazoa wangali wadogo, wenye meli wakatunyoshea sisi, na jodari hakungoja tumalize kugombana. Serikali ikaleta mgao. Kila mkoa na mgao wake, kila ushirika, mpaka kila chombo. Mgao ukijaa, unafungwa, na samaki atakayenasa baada ya hapo anarudishwa majini, hata awe mkubwa kama ng'ombe. Tukizidisha, tunakatwa mwaka unaofuata, sote, aliyezidisha na asiyezidisha. Tulipiga kelele, lakini nitasema kweli: samaki wamerudi. Mie mwenyewe nimewaona wakiruka mbele ya mnara wa taa, na nilikuwa sijawaona wakiruka pale tangu nilipokuwa na meno yangu.

Ila mwaka juzi ushirika wetu wenyewe ukaongeza kanuni yake. Kulikuwa na watu wana mgao lakini hawaendi baharini, wameukalia kama kuku kwenye mayai viza. Ndipo ikaandikwa: chombo kitakachopita misimu miwili bila kuleta jodari hata mmoja gatini, mgao wake unarudi kwenye kapu la wote. Kila mtu aliinua mkono. Kinue aliinua. Yasokichi aliinua. Mie pia, kwa chombo cha marehemu mume wangu.

Hatukujua kwamba msimu ule ule Yasokichi ataanguka bafuni. Moyo. Akalala kuanzia mwezi wa tisa, na chombo kikalala naye. Mwezi wa pili, theluji ikiwa imefika madirishani, akafariki. Msimu mmoja ukawa umekwenda bure.

Binti yao alikuja kutoka Sendai, akakaa siku za msiba zote. "Mama, kiuze chombo," akasema. "Una miaka sitini na tisa. Njoo ukae kwetu, kuna chumba."

"Chumba kina dirisha?" Kinue akauliza.

"Kinalo."

"Linatazama nini?"

Lilitazama maegesho ya magari.

Na mnajua wenyewe, chombo kisicho na mgao hakinunuliwi ila na mtu wa kuni. Lakini si kuuza kulikomkosesha Kinue usingizi. Alikuwa amefika hapa akiwa si mtu wa hapa, na kitu pekee kilichomfanya awe mtu wa hapa ni kazi ile. Mgao ukichukuliwa, angekuwa mjane wa Yasokichi tu, wa kuletewa vyakula kwenye mabakuli na kuulizwa kama anapata usingizi. Aliniambia hivyo mwenyewe, juu ya ukuta, na akanikataza kumwambia mtu. Nimewaambia.

Mwezi wa tisa akatoka peke yake. Rikimatsu alimfuata hadi kwenye kamba za gatini.

"Shemeji, mwanamke peke yake na jodari ni nani atamvua mwenzake?"

"Wewe uliwahi kuvuliwa na pweza, na bado wanakuita nahodha."

"Yule pweza alikuwa mkubwa!"

"Hata mimi ni mkubwa. Nifungulie kamba."

Akamfungulia. Na tangu siku hiyo, nyinyi nyote mliona, chombo cha Rikimatsu kilikuwa hakikai mbali na chake. Ukimuuliza alisema anafuata ndege wa baharini.

Kinue akampata jodari mwezi wa kumi, mshipi ukakatika. Akampata mwingine mwezi wa kumi na moja, papa akamfaidi, akabaki na kichwa, na kichwa hakihesabiwi. Upepo wa kaskazini ukaja, siku tano huwezi kutoka, siku moja unatoka. Mikono yake ikapasuka, akaipaka mafuta ya farasi na kuifunga vitambaa. Wengine walikuwa wanaleta wawili, watatu, na kila aliyeleta aliupunguza mgao wa wote kidogo zaidi. Kila jioni Kinue alipita ofisini kusoma ubao wa mgao uliobaki. Hakuuliza kitu. Alisoma, akaenda zake.

Tarehe kumi na tisa ya mwezi wa kumi na mbili, saa moja asubuhi, bwana Onodera, karani wetu wa ushirika, akasema kwenye redio ya upepo kwa sauti yake ile ya msibani: "Vyombo vyote, vyombo vyote. Mgao unafungwa leo saa sita kamili mchana. Samaki atakayekuwa bado majini saa sita, arudishwe. Narudia."

Kinue alikuwa ameshafika kwenye mkondo. Akageuza kofia yake nyuma mbele, akatia ngisi mzima kwenye ndoana, akateremsha mshipi.

Saa nne kasoro dakika kumi, mshipi ukaondoka kama umeitwa.

Sitawaeleza nyinyi mlio wana wa wavuvi jodari anavyokimbia. Alikwenda, akaachiwa aende. Akachoka, akavutwa kwa mashine ya kuvutia mshipi. Akakumbuka kwamba yeye ni jodari, akaenda tena. Chombo kilizungushwa mara mbili, uso wa Kinue ukageuka barafu upande mmoja kwa maji yaliyokuwa yanarushwa. Ilipofika saa tano na dakika ishirini na tano samaki alikuwa pingili ishirini chini ya chombo, anazunguka, na Kinue aliinama akamwona: mgongo mweusi, tumbo la fedha, mpana kuliko mlango wa choo. Kilo mia na hamsini hazipungui.

Pete ya umeme ilikuwa imetundikwa upande wa mkono wake wa kulia. Kuiteremsha ni dakika moja. Kubonyeza ni kufumba jicho. Saa tano na nusu samaki angekuwa kalala chomboni, mgao umepona, na jioni hiyo watu wangempigia makofi.

Akaishika pete. Kidole gumba kikawa juu ya kitufe.

Huyu alikuwa samaki wake wa kwanza wa msimu. Zaidi ya hapo, alikuwa samaki wake wa kwanza akiwa yeye ndiye nahodha. Akawaza kwamba hakuna atakayejua. Kisha akawaza, atakayejua yumo humu chini ya usukani, na nywele ni zangu, nitamficha vipi? Alinisimulia hivyo bila kucheka. Alisema kidole kilikataa kabla yeye hajakataa. Akaitundika pete mahali pake, akafunga mashine ya kuvutia, akaushika mshipi kwa mikono yake miwili iliyopasuka, akaanza kuvuta.

Ukimwambia leo kwamba ni ukaidi, atakwambia ndiyo, ukaidi, kwani wewe unao wa kuniazima?

Pingili moja anavuta, nusu inamponyoka. Rikimatsu alikuwa amekisogeza chombo chake karibu, akaona pete imetundikwa, akashika kichwa.

"Shemeji! Umeme! Tumia umeme!"

"Ni wa kwanza!"

"Wa kwanza na wa mwisho, mama wee! Unajua saa ngapi?"

"Nyamaza, unamtisha samaki!"

Akanyamaza. Alikuwa anamjua huyo mwanamke, na alikuwa anaijua nyumba ya mdogo wake. Baadaye alisema kwamba alijikuta na yeye anavuta hewa kwa mikono mitupu, kama mwendawazimu.

Pingili kumi. Pingili tano. Jodari akaja juu, akalala ubavu kando ya chombo, mdomo wazi, jicho lake kubwa linatazama mbingu. Kinue akaufunga mshipi kwenye nguzo, akanyosha mkono kuichukua ndoana ya mpini mrefu ya kumpandishia. Alikuwa ameshaishika.

Ndipo king'ora cha saa sita kikalia kilimani, kile kile kinachotuita sote kula. Siku hiyo hakukuwa na upepo. Kilivuka maji kikafika wazi, kama mtu anayekuita kwa jina.

Kinue akabaki na ndoana mkononi.

"Pandisha!" Rikimatsu akapiga kelele. Chombo chake kilikuwa kimekaribia kugusana na chake. "Pandisha upesi! Saa yangu haijafika sita!"

"Saa yako ilikufa tangu enzi za baba yako."

"Hicho king'ora kinawahi! Kila mtu anajua kinawahi!"

"Miaka arobaini na saba napikia wali king'ora hicho. Hakijawahi hata siku moja kuwahi."

"Shemeji, nisikilize." Hapo Rikimatsu akashusha sauti, jambo ambalo mie sijawahi kulishuhudia. "Hakuna mtu hapa. Mimi na wewe. Niulizwe na nani? Nitasema alikuwa ndani ya chombo saa sita kasoro tano, na nitaapa kwenye kaburi la Yasokichi. Pandisha, dada yangu."

Kinue akamtazama samaki, akamtazama Rikimatsu. Aliniambia wakati ule alimchukia kidogo, kwa kuwa alikuwa anampenda, na mtu anayekupenda akikuonyesha njia ya mkato ni vigumu kuliko adui. Kilo mia na hamsini juu ya mgao uliojaa. Zingekatwa mwakani, kwa wote. Na kama yeye angeweza kusikia king'ora kwa masikio yake na akasema hakusikia, basi nani mwingine kesho angesikia?

Akaweka ndoana chini. Akachukua kisu, akalala kifudifudi ukingoni, akaingiza mkono kwenye maji yale ya baridi mpaka begani, akaukata mshipi pale pale mdomoni.

Jodari hakuondoka. Alikaa pale, hajui kama yuko huru, mapezi yanacheza kidogo. Angekuwa amepigwa umeme angezama kama jiwe. Huyu alikaa muda wa mtu kuvuta pumzi tatu, kisha akapiga mkia mara moja, akamlowesha Kinue kuanzia kofia mpaka mabuti, akaenda.

"Mwendawazimu," Rikimatsu akasema, lakini polepole. Akamrushia chupa ya chai. Kinue hakuinywa. Aliimimina mikononi, maana vidole vilikuwa vimekakamaa havikunjuki, akakaa chini akautoa wali wake wa kufinyanga wenye plamu ya chumvi, akaula kwa viganja kama mtoto. Alilia, ndiyo. Alisema tusiseme alilia. Nimesema.

Saa tisa akaingia ofisini, nguo zake zinachuruzika maji.

"Mama Kinue," bwana Onodera akasimama. "Umeleta?"

"Nimerudisha mmoja. Andika."

"Pole sana, mama. Kuna fomu ya waliorudishwa, nitakujazia. Ila haihusiani na ule mgao wa chombo. Kanuni inasema aliyeletwa gatini."

"Andika kwenye kitabu cha mgao."

"Mama, kitabu hakina safu ya waliorudishwa."

"Una rula?"

"Ninayo."

"Basi chora safu."

Akasimama pale. Dimbwi likaanza kujikusanya chini ya mabuti. Wanaume waliokuwa wanaota moto wakageuka kumtazama. Ndipo Rikimatsu akaingia, akapangusa pua, akasema, "Nimeona kwa macho yangu. Kilo mia na sitini. Andika." Rikimatsu huongeza kilo kumi kwa samaki wote, wawe wake au wa watu. Na jueni kwamba mgao wa Kinue ukirudi kapuni, na yeye angepata sehemu yake. Bwana Onodera akachukua rula.

Mwezi wa kwanza kamati ikakaa. Mwenyekiti si mtu mbaya, mnamjua, lakini akishakutana na karatasi hata mkewe hamjui. Akasoma kanuni mara mbili. Aliyeletwa gatini. Misimu miwili. Akasema anasikitika.

Kinue alikuwa amekaa nyuma na mie. Akainuka. Hakuwa ameandika kitu.

"Sikuja kuombewa," akasema. "Mlitunga sheria kwamba samaki arudi majini. Nimemrudisha. Kama kwenu hiyo ni sawa na kukaa nyumbani kuota moto, basi mnamfundisha kila mtu humu ndani kwamba saa sita asiwe na masikio. Mwaka huu nimekuwa mimi. Mwakani atakuwa mmoja wenu, ana mtoto wa kusomesha, na samaki yuko ubavuni, na king'ora kinalia. Mnataka afanye nini?"

Akakaa. Mwenyekiti akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akasema kamati haina uwezo wa kubadili kanuni iliyopitishwa na wote. Uwezo huo ni wa mkutano mkuu wa masika, theluthi mbili ya mikono. Mpaka siku hiyo mgao wa Kinue haumo mwake wala haumo kapuni. Umening'inia.

Kinue anaendelea kutoka, anavua ngisi. Ukimuuliza habari za mkutano anakwambia baridi ya mwaka huu si mchezo. Hatakuja mlangoni kwako. Hatakuinamia gatini. Ndiyo maana nimeiandika mie, na kidole kimeota sugu.

Sasa sikilizeni, mkutano ni tarehe ishirini na mbili ya mwezi wa tatu, saa nne asubuhi, ukumbi wa juu wa ushirika. Nimehesabu: tunahitaji mikono sitini na minane. Ninayo arobaini na mmoja. Wewe unayesoma hapa, kama una kadi ya uanachama, njoo ukainue mkono wako ili samaki aliyerudishwa ahesabiwe kama aliyeletwa gatini. Kama ni mgonjwa, mtume mwanao na barua yenye muhuri. Na usiniambie utafikiria. Nakaa nyumba ya pili kutoka kwa fundi wa mashine, mlango wa buluu. Pita leo uniambie ndiyo au hapana.